UZI: Mwaka 2008 Wamarekani waliambiwa kuna njia moja tu ya kuokoa mabenki. Nani aliamua hivyo?

Mdau wa Hesabu (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila soko huria likitajwa humu jukwaani, hazipiti dakika kumi anatokea mtu na sentensi ile ile: "Soko huria lilishakufa 2008, serikali ya Marekani ndiyo iliyolizika." Mjadala unaishia hapo, watu wanacheka, wanasepa. Leo nimejipa muda. Nataka tuipitie Septemba na Oktoba ya mwaka ule kwa tarehe na namba. Hoja yangu ni kwamba majibu ya soko yalikuwepo mezani, mengine yalitumika wiki ile ile na yakafanya kazi, lakini vyombo vikubwa vya habari viliwauzia wananchi habari ya njia moja. Na upendeleo wenyewe haukuwa ule tuliouzoea wa Democrat na Republican. Ulitokana na waandishi kukaa karibu mno na wakubwa.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwa waliokuwa bado shule ya msingi: tarehe 7 Septemba 2008 serikali iliziweka chini ya uangalizi wake Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili makubwa yaliyokuwa yananunua na kudhamini mikopo ya nyumba. Tarehe 15 benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikakimbilia mahakamani kama mufilisi. Tarehe 16 Benki Kuu ikaipa AIG, kampuni ya bima, mkopo wa dola bilioni 85. Siku hiyo hiyo mfuko mmoja uitwao Reserve Primary Fund, uliokuwa umeshika karatasi za deni za Lehman za dola milioni 785, ukatangaza kwamba kila dola ya mteja sasa ni senti 97. Senti tatu tu zimepungua, lakini Wamarekani walikuwa wanaihesabu mifuko ile kama pesa taslimu. Wenye fedha wakaanza kukimbia.

Ndipo Waziri wa Fedha Henry Paulson, ambaye kabla ya uwaziri alikuwa mkuu wa benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs, akapeleka Bungeni andiko la kurasa 3. Anaomba dola bilioni 700 anunue mikopo chechefu ya nyumba iliyokuwa imelundikana kwenye mabenki. Kifungu cha 8 kilisema maamuzi yake hayatahojiwa na mahakama yoyote wala chombo chochote cha utawala. Hebu mfikirie waziri wa fedha wa nchi yoyote ya Afrika apeleke karatasi kama ile bungeni kwake, halafu fikirieni magazeti ya New York na London yangemwandika vipi.

Sasa tazama jinsi swali linavyoweza kupika jibu. Kati ya tarehe 19 na 22 Septemba, Pew, taasisi ya kupima maoni, iliwauliza wananchi kama ni sawa serikali kuwekeza mabilioni ili taasisi za fedha na masoko yawe salama. Asilimia 57 wakasema sawa, asilimia 30 wakakataa. Siku hizo hizo Los Angeles Times na Bloomberg wakauliza kama ni kazi ya serikali kuyabeba makampuni binafsi kwa fedha za walipa kodi. Waliounga mkono asilimia 31, waliopinga 55. Nchi ile ile, wiki ile ile. Kila mhariri akachukua namba inayomfaa.

Tarehe 29 Septemba Baraza la Wawakilishi likapiga kura. Hapana 228, ndiyo 205. Kwenye runinga skrini ilikuwa imegawanywa: upande huu hesabu ya kura, upande ule faharasa ya bei za hisa ya Dow Jones inaporomoka. Ikafunga siku chini kwa pointi 777, na habari ikawa imejiandika yenyewe: wabunge wamekataa, akiba yako ya uzeeni imeyeyuka.

Kesho yake, tarehe 30, Dow ikapanda pointi 485. Hakuna sheria iliyopita siku hiyo. Tarehe 1 Oktoba Seneti ikapitisha kwa 74 dhidi ya 25, tarehe 3 Wawakilishi nao wakakubali kwa 263 dhidi ya 171, na Rais Bush akatia saini siku hiyo hiyo. Na wiki iliyofuata, Oktoba 6 hadi 10, sheria ikiwa tayari mkononi, Dow ikaanguka kwa asilimia 18. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki mbaya kuliko zote katika historia yake mpaka hapo. Zile pointi 777 zilibandikwa jina la wabunge waliokataa. Anguko la wiki iliyofuata, ambalo lilikuwa zaidi ya mara mbili, halikubandikwa jina la waliokubali.

Sisemi sheria ndiyo iliyoliangusha soko. Dunia nzima ilikuwa inatetemeka wiki ile. Nasema rula ilikuwa moja, ikapimia upande mmoja.

Naweka kituo hapa, nitaendelea kwenye njia mbadala.

Mpole wa Mbezi

Mkuu umeandika vizuri lakini unatuzungusha. Vyombo vya habari vya Marekani vilikuwa vya Obama, nukta. Pew hao hao unaowanukuu walichambua kampeni ya 2008 wakakuta habari za McCain asilimia 57 zilikuwa hasi, za Obama asilimia 29. Huo ndio upendeleo, huna haja ya kutafuta mwingine.

Mdau wa Hesabu

Mpole wa Mbezi, namba zako ni sahihi na sizipingi. Ila jiulize: Oktoba 1 Seneta McCain alipigaje kura? Ndiyo. Seneta Obama? Ndiyo. Wote wawili waliunga mkono.

Hapo ndipo penyewe. Mwandishi wa Marekani anapima usawa kwa wagombea wawili: dakika mbili kwa huyu, dakika mbili kwa yule. Wagombea wakikubaliana, anaona habari haina upande wa pili. Wakati upande wa pili ulikuwepo, tena mkubwa. Waliosema hapana Septemba 29 walikuwa Warepublican 133 na Wademocrat 95. Ron Paul wa soko huria alikataa. Dennis Kucinich wa kushoto alikataa. Bernie Sanders kule Seneti alikataa. Watu hawa hawawezi kukubaliana hata juu ya rangi ya anga, lakini hili waliliona sawa. Kwenye habari wakawa ni "wasumbufu" wanaochelewesha kazi.

Na kuna sababu ya kawaida kabisa. Habari ya fedha haichimbwi mtaani, inapewa. Mwandishi anayefuatilia Wizara ya Fedha anaishi kwa simu za maofisa wa Wizara ya Fedha. Mwaka 2009 mradi wa Pew unaochunguza uandishi wa habari ulipopitia habari za mdororo ule, ulikuta takriban robo tatu zilitoka New York na Washington. Nyumba zilikuwa zinanadiwa Florida, Nevada, California na Arizona.

Mbongo Ughaibuni

Nathibitisha. Mwaka ule nilikuwa Houston, kazi ya usiku kwenye ghala. Runinga ya kantini ilikuwa imegandishwa kwenye chaneli ya biashara, hakuna anayeruhusiwa kugusa rimoti isipokuwa msimamizi. Siku ya kura ile mzee mmoja wa Kimexico pale kazini aliangalia zile pointi zinashuka, akauliza kama mshahara wa Ijumaa utatoka. Ndivyo walivyowatisha watu. Mshahara ulitoka, kwa kweli, lakini Januari walipunguza watu na mzee alikuwa wa kwanza.

Mkuu endelea, njia mbadala ndiyo nasubiri.

Mdau wa Hesabu

Pole kwa yule mzee. Tuendelee.

Siku chache baada ya andiko la Paulson kutoka, wachumi zaidi ya 100 wa vyuo vikuu walitia saini barua ya wazi kwa Bunge kupinga mpango ule ulivyo. Barua ilianzia Chuo Kikuu cha Chicago. Malalamiko yalikuwa matatu: mpango hauna haki, haueleweki, na athari zake za muda mrefu ni mbaya. Wachumi wale hawakuwa wanasema serikali ikae kimya. Walikuwa wanasema msikimbie.

Jeffrey Miron wa Harvard aliandika kupitia CNN kwamba jibu ni kufilisika, si kubebwa. Naitaja CNN makusudi, ili mtu asiseme sauti hizi zilifungiwa kabisa. Zilikuwepo, kwenye kona ya maoni. Habari yenyewe ilikuwa ya Paulson.

Aliyenishika mimi ni Luigi Zingales wa Chicago. Mpango wake unaeleweka hata kwa mama ntilie, ngoja niuweke kwa hesabu ya kubuni.

Benki ina mali za shilingi 100. Ina madeni 95: 60 ni amana za watu, 35 ni hatifungani, yaani mikopo ya wawekezaji wakubwa. Mtaji wa wanahisa ni 5. Nyumba zikashuka bei, mali zikawa 90. Benki imekufa, inadaiwa 95 na ina 90. Paulson anasema: nitanunua zile mali mbovu kwa bei nzuri, zirudi 100. Nani kalipa ile 10? Mlipa kodi. Wanahisa wamebaki na benki yao, na wenye hatifungani watalipwa kila senti.

Zingales anasema: chukua hatifungani za thamani ya 10, zigeuze kuwa hisa. Madeni sasa ni 85, mali 90, mtaji 5. Benki iko hai asubuhi hiyo hiyo. Wanahisa wa zamani wamekwisha, na ndiyo haki yao kwa sababu walikula faida miaka yote. Wenye hatifungani wamekuwa wamiliki. Wameumia kidogo, na wao ndio waliokopesha bila kuangalia. Mwenye akaunti ya akiba hajaguswa. Mlipa kodi hajatoa hata thumni.

Hilo ni jibu la soko. Aliyekopesha vibaya anabeba mzigo wake.

Wakili Msomi

Mleta mada, hapo umeruka jambo. Mpango wa Zingales ulihitaji Bunge libadili sheria ya ufilisi, maana kwa kawaida kugeuza deni kuwa hisa ni mazungumzo ya miezi mahakamani, na benki haiwezi kusubiri miezi. Kwa hiyo hata "soko huria" lako lilihitaji mkono wa dola. Ni vizuri ukawa mkweli kwa hilo.

Mdau wa Hesabu

Wakili Msomi, nakubali kwa asilimia mia, na Zingales mwenyewe alisema hivyo. Soko halielei hewani, linakaa juu ya sheria ya nani analipwa kwanza mtu akifilisika. Kutunga sheria hiyo ni kazi halali ya Bunge. Bunge lilipata siku kumi na kitu za kuandika sheria, likaandika kurasa 451 upande wa Seneti, na humo ndani likakumbuka kuondoa ushuru kwenye mishale ya mbao ya kuchezea watoto. Nimesema mishale. Iko kwenye sheria, mtu yeyote anaweza kuitafuta. Basi nafasi ya kipengele cha ufilisi isingekosekana.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo huwa linaniuma zaidi, kwa sababu hili halikuwa nadharia.

Alhamisi tarehe 25 Septemba, siku nne kabla ya ile kura, Washington Mutual (WaMu) ilifungwa. Benki ya mali za dola bilioni 307, kubwa kuliko benki yoyote iliyowahi kuanguka Marekani. Wasimamizi wakaichukua jioni, shirika la bima ya amana likaiuza usiku ule ule kwa JPMorgan kwa dola bilioni 1.9. Asubuhi matawi yakafunguliwa kama kawaida. Mwenye amana hakupoteza senti, hata yule aliyezidi kiwango cha bima. Wanahisa walikula hasara, wenye hatifungani wakala hasara. Mfuko wa bima haukutoa kitu. Yaani ule mpango ambao "hauwezekani" ulikuwa umeshafanyika Alhamisi, watu wakaendelea kuambiwa hadi Jumatatu kwamba hauwezekani.

Halafu benki ya Wachovia. Tarehe 29 Septemba asubuhi ilitangazwa kwamba Citigroup itaichukua, serikali ikiwa imekubali kubeba sehemu ya hasara. Siku nne baadaye Wells Fargo ikaja na bei ya dola bilioni 15 hivi, bila kuomba dhamana ya hasara. Soko lilitoa bei bora kuliko ile ya mezani kwa serikali. (Nisiwe mnafiki: siku hizo Wizara ya Fedha ilikuwa imetoa waraka wa kodi uliomnufaisha mnunuzi wa benki yenye hasara, na Wells Fargo ilifaidi. Hakuna aliyekuwa malaika pale.)

Morgan Stanley nayo ilipata dola bilioni 9 kutoka Mitsubishi UFJ ya Japani. Oktoba 13 ilikuwa sikukuu Marekani, mabenki hayawezi kutumiana fedha, basi Wajapani wakaleta hundi ya karatasi. Hundi moja, imeandikwa bilioni tisa. Kadhalika Barclays ilinunua biashara ya Lehman ya Marekani ndani ya siku chache baada ya Lehman kwenda mahakamani. Fedha binafsi zilikuwepo, zilikuwa zinatafuta bei.

Mpole wa Mbezi

Hapo kwenye fedha binafsi naomba nikubane. Warren Buffett aliweka dola bilioni 5 Goldman Sachs tarehe 23 Septemba, kila mtu wa soko huria anampigia mfano. Lakini Buffett mwenyewe alisema hadharani kwamba anaamini Bunge litapitisha mpango. Aliweka kwa sababu alijua serikali inakuja nyuma. Bila ule mpango, hizo fedha binafsi zako zingeonekana?

Na kitu kingine. Hukusema fedha zilirudi. Kati ya zile bilioni 700 zilitumika kama 443, na mabenki yalilipa na riba juu. Hasara ya mwisho kwa hesabu za ofisi ya bajeti ya Bunge ni kama bilioni 31 tu, na sehemu kubwa ni misaada kwa makampuni ya magari na wenye nyumba. Unalalamikia nini?

Mdau wa Hesabu

Mpole, hili ndilo swali zito kuliko yote humu.

La Buffett, uko sahihi. Ndiyo maana mimi mfano wangu ni WaMu, si Goldman. Fedha zinazoingia zikijua serikali iko nyuma ya mlango siziiti soko.

La fedha kurudi: ukimkopesha mwanao kila anapopoteza kamari, na kila mara akakurudishia, daftari lako litaonyesha huna hasara. Umemfundisha nini? Mwaka 2008 wenye hatifungani wa mabenki makubwa walijifunza kwamba wakikopesha kwa mkubwa wa kutosha, hawataumia. Gharama hiyo haimo kwenye zile bilioni 31, na hakuna mhasibu anayeweza kuiandika.

Lakini tazama pia nini hasa kilinunuliwa. Paulson aliomba bilioni 700 anunue mikopo mibovu. Wiki mbili tatu nzima runinga zilieleza kwa nini lazima mikopo mibovu inunuliwe. Oktoba 13 akawaita wakuu wa mabenki 9 wizarani, akawapa karatasi ya kutia saini, wakapokea mtaji wa bilioni 125 kati yao, mmoja wao akilalamika kwamba hauhitaji. Na Novemba 12 akatangaza kwamba ule mpango wa kununua mikopo mibovu ameuacha. Ile njia pekee, iliyoshusha pointi 777 ilipokataliwa, haikutumika. Ni wangapi walirudi hewani kuuliza: mlituambia hakuna nyingine?

Binti wa Pangani

Nyie wanaume mnabishana hesabu, mimi nauliza watu. Hao mabingwa wa soko huria mbona walikuwa kimya wakati mabenki yanabebwa, halafu Februari 2009 Obama alipotaka kuwasaidia wenye nyumba ndipo yule mtangazaji wa CNBC, chaneli ya biashara, akasimama sakafuni kwa madalali wa Chicago akapiga kelele kwamba wasisaidiwe watu walioshindwa? Benki ikishindwa ni mfumo, mama mwenye watoto akishindwa ni mzembe?

Mdau wa Hesabu

Binti wa Pangani, umepiga penyewe. Yule ni Rick Santelli, tarehe 19 Februari 2009, na ile kelele ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa Tea Party, vuguvugu la kupinga matumizi ya serikali. Kwa haki yake, yeye binafsi alikuwa amelalamikia pia kubebwa kwa mabenki. Lakini chaneli yake? Machi 11, 2008 mtangazaji mwenzake Jim Cramer aliulizwa na mtazamaji kama atoe fedha zake Bear Stearns, benki ya uwekezaji, akajibu kwa kelele kwamba Bear Stearns iko salama. Ndani ya wiki moja Bear ikauzwa kwa JPMorgan, bei ya kwanza dola 2 kwa hisa, na Benki Kuu ikaingiza bilioni 29. Mwaka mmoja baadaye mchekeshaji Jon Stewart ndiye aliyemkalisha kitako Cramer na kumuuliza maswali ambayo waandishi wa fedha hawakuwa wameyauliza. Mchekeshaji!

Kwa hiyo ukiniuliza kama vyombo vya kulia vilitetea soko huria, jibu langu ni hapana. Vilitetea wenye hisa. Ni vitu viwili.

Na angalia AIG. Machi 2009 ilijulikana kwamba watumishi wa kitengo chake kilichoiua kampuni wanalipwa bonasi ya dola milioni 165. Runinga zililia kushoto na kulia. Siku hizo hizo ikatoka orodha ya waliolipwa kwa fedha za kuiokoa AIG: Goldman Sachs bilioni 12.9, Société Générale na Deutsche Bank karibu bilioni 12 kila moja, wote wakilipwa dola kamili kwa kila dola waliyodai. Ile ya Goldman peke yake ni mara 78 ya bonasi zote. Bonasi ilikuwa na sura za watu wa kuchukia. Malipo yale yalihitaji kuelezwa, na kueleza kunachukua muda wa matangazo.

Mkulima wa Shinyanga

Msifikiri ni ya Wazungu peke yao. Bei ya pamba ilianguka na sisi tukaanguka nayo. Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza pale Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi, na ndani yake kulikuwa na kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa waliokuwa wamekopa benki. Mnunuzi alifidiwa ili benki ilipwe. Na magazeti yetu yaliandika nini? Yaliandika hotuba. Mtu wa gazeti hakufika ginari wala kwa mkulima kijijini kwangu.

Mdau wa Hesabu

Mkulima, asante sana. Hiyo inastahili uzi wake, nakuomba uanzishe wewe.

Nimalizie kwa chanzo, maana kuna mtu PM ananiuliza nani alisababisha. Kushoto wana hadithi yao: kufutwa mwaka 1999 kwa sheria iliyotenganisha benki za kawaida na za uwekezaji. Kulia wana yao: sheria ya 1977 iliyozisukuma benki kukopesha maskini. Zote mbili zinavuja. Bear Stearns na Lehman zilikuwa benki za uwekezaji tupu, AIG ni bima. Zisingeguswa na ule utengano. Na kuhusu maskini, Benki Kuu ilipochunguza ilikuta mikopo ya riba kubwa iliyotolewa na benki zinazobanwa na sheria ya 1977, kwa watu na maeneo ya kipato cha chini waliyopaswa kuyahudumia, ni asilimia 6 tu. Nilitegemea watu wa soko huria wangeshika zaidi riba ya Benki Kuu, iliyokaa asilimia 1 kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2004, na udhamini wa kimyakimya wa Fannie na Freddie. Hapo kuna nyama. New York Times iliandika tarehe 30 Septemba 1999 kwamba Fannie Mae inalegeza masharti ya mikopo, na ndani ya habari hiyo mna onyo kwamba mambo yakiharibika serikali italazimika kuyabeba. Miaka tisa kamili kabla. Gazeti lilikuwa nayo kwenye kabati lake.

Wakili Msomi

Swali la mwisho kwangu. Unasifu kufilisika, na mfano mkubwa wa kufilisika ni Lehman, ambayo ndiyo inayosemwa iliwasha moto. Vipi hapo?

Na Machi 2023 Silicon Valley Bank (SVB) ilipoanguka, wawekezaji wa teknolojia, wale wale wanaohubiri serikali ikae pembeni, walishinda mitandaoni Ijumaa hadi Jumapili wakiomba serikali iwalipe amana zote. Wakalipwa, pamoja na waliozidi kikomo cha dola 250,000. Safari hii haikuhitaji CNN. Walikuwa na simu zao.

Mdau wa Hesabu

La SVB sina cha kuongeza, umelisema lote. Wanahisa na wenye hatifungani angalau waliachwa waumie safari ile.

Lehman iliwasha moto, kweli, na Reserve Primary ni ushahidi. Sitaki kulipunguza hilo. Lakini kumbuka Machi Bear ilibebwa, wenye hatifungani wake wakapona. Miezi sita yote iliyofuata soko lilikopesha Lehman likiamini kanuni ni ile ile. Septemba 15 kanuni ikabadilika, Septemba 16 kwa AIG ikarudi ilivyokuwa. John Taylor wa Stanford alipofuatilia gharama ya benki kukopeshana, aliona mruko mkubwa ulianza pale Paulson na Bernanke, mkuu wa Benki Kuu, walipokwenda Bungeni kuutetea ule mpango wa kurasa tatu, si siku ya Lehman yenyewe. Wapo wachumi wanaombishia, na wana hoja.

Ila kuhusu ufilisi wenyewe kama chombo: wateja wa kampuni ya udalali ya Lehman walirudishiwa mali zao zote, zaidi ya dola bilioni 106, asilimia mia. Wadai wa kampuni mama walipata sehemu tu. Msimamizi alifunga faili la udalali Septemba 2022, miaka 14 baadaye, na habari ile ilipita kwenye kurasa za ndani.

Miaka 14 ni mingi, najua utasema hivyo.

Wakili Msomi

Ndicho nilichokuwa naandika.